Ndoo ya Makombo

Honorata Kokushubira alikuwa ametimiza miaka kumi na tano Marekani, na ndani ya miaka hiyo alikuwa amejifunza mambo mengi ambayo hakuyaomba. Alijifunza kuendesha gari kwenye barafu. Alijifunza kula chakula cha mchana amesimama, dakika kumi tu, mgongo umeegemea kabati la taulo kwenye nyumba ya wazee alikofanya kazi. Alijifunza kujibu "niko vizuri" hata siku ile bibi aliyemwogesha kwa miaka minne alipofariki asubuhi, na kitanda chake kikapata mtu mwingine kabla ya jioni. Yote hayo aliyaweza. Jambo moja lilimshinda kabisa, nalo ni kutupa chakula kwenye pipa la takataka.

"Dhambi hiyo," alikuwa akisema. Kwao Karagwe chakula hakikuchanganywa na uchafu. Ukoko ulikuwa wa watoto, mifupa ya mbwa, maganda ya ndizi ya mbuzi, na kilichokataliwa na wote kilirudi shambani chini ya migomba. Kila kombo lilikuwa na mdomo wake. Binti yake Jacqueline, aliyesoma chuo cha hapo hapo mjini kwao Annandale, alimsikia kwa Kiswahili na kumjibu kwa Kiingereza, kama ilivyo desturi yao wote waliokulia huku: kwamba pipa lipo kwa kazi hiyo hiyo.

"Pipa ni la nepi na plastiki," Honorata alimjibu. "Siwezi kuweka wali wa Mungu juu ya nepi."

Basi akawa na ndoo. Ndoo nyeupe yenye mfuniko, aliyoificha chini ya sinki. Nyumba yao ilikuwa mojawapo ya nyumba za safu, zile ambazo jirani akikohoa unamwambia pole kupitia ukutani. Nyuma kulikuwa na ua wa mbao unaofika kifuani, kisha kichaka, kisha kijito chembamba. Ng'ambo ya kijito ulilala mti mkubwa uliong'oka na dhoruba, na chini ya mti huo ndipo Honorata alipomwaga makombo yake. Asubuhi akirudi anakuta pamesafishwa. Roho yake ilitulia kila alipopaona peupe.

Makombo yenyewe hayakuwa haba. Kila Jumamosi ya pili jumuiya yao ya sala ilikutana kwake, Watanzania na Wakongo wachache na familia moja ya Warundi, na baada ya rozari watu walikula. Ndizi kwa nyama, jamani, siyo mchezo. Mbuzi alichinjwa na Mzee Wambura, aliyekwenda mwenyewe mpaka shamba moja huko Culpeper, akamkamata, akamchinja, akamchuna, akamrudisha kwenye buti la gari amefungwa shuka. Mzee huyu alikuwa Mkurya wa Tarime, miaka sitini na nane, dereva mstaafu wa mabasi ya uwanja wa ndege, na alikaa milango mitatu kutoka kwa Honorata. Utani wao haukuisha.

"Nyie Wahaya," Wambura alimwambia, "hata chumvi mnaomba kwa Kiingereza."

"Na nyie Wakurya mkiombwa chumvi mnashika panga. Kula, mzee, nyama inapoa."

Mkewe Wambura, Bupe, alikuwa amefariki miaka miwili nyuma. Binti yao aliyeko Texas aliona baba anaongea na televisheni, akamnunulia mbwa. Kambwa kadogo keupe, manyoya kama pamba, na jina likawa hilo hilo, Kadogo. Watu walicheka mpaka machozi. Mkurya mzima, aliyekuwa akiwasimanga Wazungu kwa kuokota mavi ya mbwa na mifuko, sasa anatembea barabarani na kifuko cha bluu mkononi, na mbwa amevaa sweta! Mwenyewe alicheka pamoja nao. Lakini Honorata aliona kwamba damu imerudi usoni mwake, na kwamba siku hizi alikuwa anapika.

Mwezi wa tatu, asubuhi moja kabla ya kwenda kazini, Honorata alimwona mnyama pale chini ya mti. Alidhani mbwa aliyepotea. Kijivu, miguu mirefu, mkia mnene umeinamia chini, masikio yamesimama. Mnyama alinyanyua kichwa akamtazama bila haraka, mdomoni ana mfupa wa paja la mbuzi.

"Koyoti huyo," Jacqueline alisema alipoonyeshwa picha.

"Mbweha," alisema Honorata, kwa sababu ndiye aliyefanana naye kuliko wote aliowajua. Alifurahi, na hilo lazima lisemwe. Alifurahi kama mtu aliyepata mgeni baada ya kukaa muda mrefu na sufuria iliyojaa. Kufikia mwezi wa tano mgeni alikuwa na chuchu zilizovimba, na siku moja vitoto vinne vilitokeza nyuma yake, masikio makubwa kuliko vichwa. Honorata aliongeza makombo. Anayenyonyesha lazima ale, nani asiyejua hilo?

Kadogo aliuawa Jumapili, saa kumi na mbili jioni, jua bado linawaka. Wambura alikuwa amemfungulia kwenye uwanja wake wa nyuma akaingia ndani kuchukua chai. Alisikia kilio kimoja. Alipotoka alikuta mbweha wawili wanaruka ua, na Kadogo amelala kwenye nyasi shingo imefunguka, bado na sweta yake. Honorata alikimbilia pale kwa mayowe. Alimkuta mzee amekaa chini, mbwa mapajani, na alipomwona akajifuta uso haraka kwa kiwiko.

"Ni mbwa tu," Wambura alisema. "Kwetu hatulii mbwa."

"Lia, mzee," Honorata alimwambia. "Lia, hakuna anayekuona." Na yeye mwenyewe alikuwa akilia, bila kujua bado kwamba alikuwa na deni katika kilio kile.

Ndani ya wiki moja kikaratasi kilibandikwa kwenye kila mlango. Kamati ya wakazi, ambayo Wambura alikuwa mjumbe wake, ilitaka kumleta mtu wa mitego. Mbweha wote wa kijito wangenaswa na kuuawa. Mkutano wa kupiga kura ulikuwa Alhamisi ya wiki iliyofuata.

Honorata alikisoma mara mbili. Baba yake alikuwa mtegaji. Alitega nyaya kuzunguka shamba la mahindi, na tangu Honorata ana miaka tisa ndiye aliyetumwa kila alfajiri kukagua. Alijua mtego unafanya nini. Alijua mnyama hafi, anangoja. Anazunguka, anachimba, anatafuna mguu wake mwenyewe. Na alijua asubuhi ile alipomkuta mbwa wao wa nyumbani, jike aliyekuwa amepotea siku tatu, waya umeingia mpaka mfupani, naye alipomwona mtoto wa nyumbani akatikisa mkia. Vitoto vyake vilikuwa vimekwisha kufa jikoni kwa njaa. Baba alisema neno moja tu, "Mtego hauna macho," akaendelea kutega. Na mwaka uliofuata mbweha walikuwa wengi zaidi.

Kwa hiyo alizunguka. Baada ya shifti, bado na sare yake ya kazini, alibisha hodi mlango baada ya mlango na karatasi ya saini. Kiingereza chake kilikwama mahali pengi lakini hakikusimama. Wengine walimsikiliza. Mama mmoja mwenye mapacha alimfungia mlango usoni. Honorata hakukasirika na huyo. Angekuwa na mapacha na yeye angefunga. Jacqueline alimwandikia mtu wa kaunti anayeshughulika na wanyamapori, na Jumanne akaja dada wa Kimeru, Makena, mwenye buti za mpira na Kiswahili cha Nairobi.

"Shikamoo, mum," alisema Makena. "Twende tuone."

Walivuka kijito pamoja. Honorata alitangulia kwa hamu, mpaka alipoona wanaelekea wapi, na hapo akapunguza mwendo. Makena aliinama chini ya mti ulioanguka. Akaokota mfupa, akaugeuza. Akaokota ganda la ndizi lililokauka, kisha kipande cheusi cha ukoko. Akashusha pumzi.

"Hii ndiyo shida yenyewe. Mum, koyoti hana haja na watu. Anaogopa hata mfuko wa plastiki. Lakini mtu akimlisha karibu na nyumba, woga unaisha, na uwanja wako anaona ni wake. Akikuta kambwa kadogo hapo, anaona ni mshindani wa watoto wake. Kuna mtu ana-feed hawa, na ni kitambo."

Honorata aliutazama ule ukoko. "Sasa… mtu huyo akiacha?"

"Akiacha, tukiwafukuza kwa makelele na maji wiki mbili tatu, wanarudi kichakani. Hakuna haja ya kuua. Nitakuja Alhamisi niwaambie watu hivyo. Lakini watu wataniuliza ni nani, na kama simjui, hawataamini kwamba ameacha. Akijitokeza mwenyewe, mitego imekufa hapo hapo." Akamtazama. "Unamjua?"

"Hapana," alisema Honorata.

Neno lilimtoka jepesi kuliko alivyotarajia. Usiku wa Jumanne na wa Jumatano hakulala. Ndoo ilikuwa chini ya sinki, tupu, ameiosha kwa jiki mara mbili. Alijiambia atasema. Halafu akaiona sura ya Wambura amekaa kwenye nyasi, akajiuliza utamwambiaje mtu kwamba wewe ndiye uliyemkaribisha muuaji, ukamnenepesha kwa mbuzi aliyemchinja yeye mwenyewe. Na jumuiya je? Watakula tena kwake? Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, na Honorata alikuwa ameitumia methali hiyo kwa wenzake mara nyingi. Kuitumia mwenyewe ni kazi nyingine.

Alhamisi ukumbi mdogo wa kando ya bwawa la kuogelea ulijaa. Makena alieleza vizuri, bila kubembeleza. Kisha Honorata akasimama, na hata waliokuwa wakichezea simu waliziweka chini. Aliwasimulia juu ya waya za baba yake. Aliwasimulia juu ya yule jike aliyetikisa mkia. "Mtego hauna macho," aliwaambia. "Utamkamata mama yao, na vitoto vitakufa njaa mita hamsini kutoka mezani kwenu. Na mwakani watakuja wengine. Nimeona. Siyo nimesoma, nimeona." Kisha akakaa. Mwanamke mmoja mstari wa mbele alitoa kitambaa.

Hapo Wambura akasimama. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. Mkononi alikuwa na ukanda wa shingo wa Kadogo.

"Mama Jaki ni dada yangu," alisema. "Nimemsikia. Lakini mimi nataka kujua jambo moja. Huyu dada wa kaunti anasema kuna mtu anawalisha. Kama mtu huyo yumo humu, asimame aseme nimeacha. Akisema, mimi wa kwanza nitapiga kura ya kukataa mitego. Naapa mbele ya Mungu."

Honorata alitazama viatu vyake vya kazini, vyeupe, vyenye doa la uji kwenye ncha. Watu walianza kugeuka, mmoja baada ya mwingine, si kumtazama yeye. Walimtazama mzee wa Kikorea wa nyumba ya kona, ambaye alitundika chakula cha ndege kwenye mti wake na ambaye Kiingereza kilimpita juu ya kichwa. Mzee yule alitabasamu kwa heshima, bila kuelewa kwa nini anatazamwa. Simama, Honorata alijiambia. Simama, mwanamke! Hakusimama.

Mikono ilihesabiwa. Waliotaka mitego ishirini na moja, waliokataa kumi na saba.

Mtu wa mitego alikuja Ijumaa na lori dogo. Honorata alikuwa kazini. Jumamosi alfajiri, kabla ya kuosha uso, alivaa koti juu ya khanga akavuka kijito, akijiambia anakwenda kuangalia tu.

Mtegaji yule alijua kazi yake. Hakuhangaika kutafuta. Alikuwa amefuata mifupa, akaona mahali walipozoea kula, akafukia chuma chake pale pale chini ya mti ulioanguka, juu yake akatandaza mabaki ya maganda ya ndizi ili paonekane kama kila siku. Na jike alikuwa amekuja kama kila siku. Mguu wa mbele ulikuwa ndani ya chuma. Alikuwa amechimba duara kuzunguka mnyororo mpaka mizizi ikaonekana, na mdomo wake ulikuwa na damu kwa kuuma chuma. Alipomwona Honorata hakubweka wala hakuonyesha meno. Alilala chini akamtazama, kama mtu anayengoja sahani yake.

Honorata alikimbia. Mwanamke wa miaka hamsini na nne, khanga imelowa mpaka magotini, alipiga mlango wa Wambura kwa ngumi zote mbili. Mzee alifungua akiwa na kikoi na kikombe.

"Mama Jaki! Kuna msiba?"

"Ni mimi," alisema Honorata. "Mzee, ni mimi niliyekuwa nawalisha. Mpigie yule mtu simu asije. Ni mimi."

"Unasema nini?"

"Makombo ya jumuiya. Siwezi kutupa chakula, unanijua siwezi. Nilimwaga ng'ambo kule tangu mwaka juzi. Ile mifupa dada wa kaunti aliyoikuta ni ya mbuzi wako. Wewe ulimchinja, mimi nikampika, sote tukamla, nikawapelekea wao. Mimi ndiye niliyemwita aliyemuua Kadogo. Nilitaka kukwambia. Yesu na Maria, mpigie simu kwanza, halafu unitukane!"

Wambura hakutukana. Aliweka kikombe juu ya ngazi, taratibu, akaingia ndani, akatoka na simu sikioni. Honorata alimsikia akisema kwa Kiingereza kwamba kamati imebadili mawazo, kwamba asimamishe. Kisha akasikiliza, akaishusha simu.

"Yuko huko sasa hivi," alisema.

Walikwenda wote wawili, mzee akiwa na ndala, akiteleza kwenye mawe ya kijito, Honorata akimshika mkono. Walipofika mtegaji alikuwa anafunga turubai nyuma ya lori lake upande wa pili wa kichaka. Aliwapungia mkono, kijana mwenye adabu. Chini ya mti palibaki duara la udongo uliochimbuliwa, mzizi uliotafunwa mpaka mweupe, na ganda moja la ndizi. Wambura alichuchumaa akaweka kiganja juu ya udongo ule. Kutoka mahali fulani ndani ya kichaka kitu kidogo kilikuwa kikilia, sauti nyembamba, kinaacha, kinaanza tena.

"Alhamisi, Honorata," alisema. Hakuwahi kumwita jina lake hata siku moja. "Niliapa mbele ya watu wote. Ungesema Alhamisi."

Honorata alilitazama lile ganda. Maji yakimwagika hayazoleki, na yeye ndiye aliyekuwa na ndoo.

Mitego mingine mitano iling'olewa siku hiyo hiyo, kwa amri ya Wambura, na kamati ikamfuata. Honorata alirudi kwenye milango ile ile aliyobisha kwa ajili ya saini, safari hii mikono mitupu, akasema alichofanya. Kwa mzee wa Kikorea alikaa zaidi. Mjukuu wake alitafsiri, mzee akasikiliza, akaingia ndani akamletea tunda moja kubwa la pea kwa mikono miwili. Hilo lilimliza kuliko mlango uliofungwa. Makena alisema baba wa vitoto huenda atavilea, mara nyingi hulea, lakini hakuahidi. Wiki tatu Jacqueline na mama yake walisimama nyuma ya ua jioni wakigonga sufuria kufukuza mbweha, na kila walipogonga Honorata alijisikia anafukuza yatima.

Ndoo aliitoboa, akapanda mchicha ndani yake. Mifupa sasa aliigandisha kwenye friza mpaka asubuhi ya gari la taka. Mara ya kwanza alipokung'uta wali kwenye pipa alifumba macho.

Wambura hakuja kwenye jumuiya mara nne. Nyama ilinunuliwa kwa Mpakistani, na watu walikula bila kuongea sana. Mara ya tano, mwishoni mwa mwezi wa nane, mlango ulifunguliwa rozari ikiwa katikati, akaingia na mbuzi ndani ya shuka. Akampitisha jikoni, akarudi, akapiga magoti mahali pake.

Nyama ilipoiva, alikula polepole. Alimaliza ndizi, akafuta mchuzi kwa kidole, akaivunja mifupa kwa meno yake ya uzeeni na kuifyonza mpaka ikawa mikavu. Alipoona Mrundi mmoja anasukuma sahani yenye wali pembeni, aliivuta akaimaliza na hiyo. Hakuna aliyecheka. Kisha akainuka, akaenda mpaka kwenye sinki alikosimama Honorata, akampa sahani mbili.

"La Kadogo nimekusamehe," alisema kwa sauti ya chini. "Kadogo alikuwa mbwa, na wewe hukujua. La Alhamisi bado."

"Nitangoja, mzee," alisema Honorata.

Akazipokea sahani kwa mikono miwili. Alifungua bomba akaziosha, ingawa hazikuwa na kitu cha kukung'uta.